Milango ya mbao ya duka Mji Mkongwe: anza na ukuta, nakshi baadae

Swali: "Assalamu alaykum fundi. Nimekodi chumba cha chini Mkunazini nataka kufungua duka la sabuni za mwani na viungo. Mbele pana geti la chuma limeshaoza kwa kutu na ukuta wa pembeni umepigwa simenti. Natamani mbele ya mbao kama maduka ya zamani, milango ya kukunja, na pia pawe na kioo wageni waone bidhaa. Fundi mmoja kaniambia wiki moja anamaliza, mninga ananunua leo, anaupasua kesho, anafunga kwa boliti za kutanuka. Nimkubalie? Na mbao gani nzuri?"

Waalaykum salaam dada yangu, na hongera, maana wengi siku hizi wanakimbilia aluminiamu na roling shata afu mtaa mzima unabaki hauna sura. Nakujibu kwa urefu kidogo kwa sababu suala lako wanalo watu wengi wanaokodi vyumba vya chini huku kwetu.

Kwa kifupi usimkubalie, angalau si kwa mpango huo. Sisemi hajui useremala, inawezekana milango yake ikatoka mizuri tu, ila mpango wake wote unaangalia mbao na hauugusi ukuta, na milango ya duka Mji Mkongwe hufa kwa sababu ya ukuta na maji, mara chache sana hufa kwa sababu ya mbao yenyewe. Nimeona milango ya msaji (mtiki) safi kabisa imeoza shubiri moja kutoka chini huku juu nakshi bado inang'aa, mwenyewe kalipa pesa nyingi kwenye maua na hakulipa chochote kwenye kizingiti. Kwa hiyo pesa yako ipange hivi: kwanza ukuta, pili sehemu ya chini, tatu mbao kavu, nne vyuma. Nakshi ikija iwe ya mwisho, na ikikosekana hakuna neno, maduka mengi ya zamani huku hayakuwa na nakshi hata kidogo, yalikuwa na paneli za kawaida na upapi (ule ubao mwembamba wa kufunika mwanya) uliokaa sawa, bas.

Kabla ya yote, kibali. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kubadilisha mlango, dirisha au chochote cha mbele ya jengo kunataka ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hata kama wewe ni mpangaji tu na hata kama unachotoa ni takataka na unachoweka ni bora zaidi. Anza na mwenye nyumba akuandikie barua ya kukubali. Kama nyumba ni ya Wakfu basi mwenye nyumba wako ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kama ni ya serikali utakwenda Shirika la Nyumba, usichukue neno la mdomo la mtu anaekusanya kodi. Nenda Mamlaka na picha za mbele ya nyumba, picha za nyumba mbili za kila upande, na mchoro wenye vipimo ambao fundi yeyote anaejua kazi anaweza kuuchora kwenye karatasi. Waulize pia kama wana picha za zamani za mtaa huo, maana ukijua mlango wa mwanzo ulikuwaje kazi yako inakuwa nyepesi, huna haja ya kubuni. Mbao usinunue mpaka kibali kitoke.

Sasa ukuta. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kwa kawaida nusu mita au zaidi, na ukuta huo siku zote una unyevu ndani, unapanda kutoka chini na unaingia kwa mvua, kisha unatoka taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ukiupiga simenti njia ya kutoka inazibwa, unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, unatafuta upenyo mwengine, na upenyo ulio laini kuliko wote pale mbele ya duka ni mbao yako. Ndo maana utaona mwimo, ule mti wa kusimama wa fremu ya mlango, umeoza upande wa nyuma, ule uliogusana na ukuta, wakati upande wa mbele bado umesimama vizuri umepakwa rangi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuibandua hio simenti yote pembeni mwa uwazi, angalau nusu mita kila upande, kwa patasi na nyundo ndogo, asije mtu na mashine ya kutikisa ukuta. Chini yake utakuta mawe yanayomeguka na udongo uliogeuka unga, pafagie, pamwagie maji kidogo, pajazwe mawe madogo na chokaa, kisha paachwe wazi papumue. Ukuta mnene kiasi hicho hauwezi kukauka kabisa kwa mwezi wala miwili, na si lazima usubiri ukauke wote, lakini hata wiki tatu nne za kiangazi zinasaidia sana, na wakati huo ndo mbao zako zinatengenezwa karakana, kwa hiyo hupotezi muda.

Chokaa yenyewe iwe ile iliochomwa, ikazimwa kwa maji na kukaa shimoni imelowa, kadiri ilivyokaa muda mrefu ndivyo inavyokuwa laini na kushika. Changanya kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga, mchanga wa shimo uliochekechwa, usikubali mchanga wa pwani wenye chumvi. Usimruhusu mtu atie hata kijiko cha simenti eti ishike haraka. Chokaa inashika kwa kuvuta hewa, polepole, na inataka ibaki na unyevu siku za mwanzo, kwa hiyo funika kwa magunia yaliyolowa kama wiki moja, hasa kama mbele yako inapigwa na jua.

Kabla hujaliondoa geti la chuma, angalia juu yake. Nyumba nyingi uwazi wa mlango umebebwa na boriti za mikoko zilizolazwa sambamba, au ubao mnene, na kama geti lilikuja baadae pengine mtu alikata au alipanua. Gonga zile boriti kwa mpini wa bisibisi, sauti ikiwa butu au bisibisi ikizama kama inaingia kwenye keki, simamisha kazi ulete mtu wa majengo kwanza. Ukuta wa juu hapo unabeba ghorofa, siyo pazia. Weka gadi (nguzo za kuegemeza) mbili tatu imara chini ya mzigo kabla ya kutoa chochote, na uwazi usiupanue hata kwa inchi moja kutafuta nafasi ya kioo. Sote tuliona tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, ilivyoporomoka katikati ya kazi ya ukarabati na watu wakapoteza maisha, sizungumzii sababu zake hapa, nataka tu uheshimu uzito wa kuta hizi.

Tuje kwenye umbo la milango. Hukunipa vipimo kwa hiyo nachukua mfano wa uwazi wa mita 2.4 kwa mita 2.2 juu. Ukitoa miimo miwili ya sentimita 7.5 kila mmoja unabakiwa na mita 2.25, ukigawa vipande vinne kila kimoja kinakuwa kama sentimita 56, viwili vinakunjwa kulia viwili kushoto. Hio ndo mitindo ya mitaa ya biashara ya zamani, milango ya paneli inayokunjika ukiifungua duka zima linakuwa wazi na bidhaa zinakaa mpaka ukingoni mwa baraza. Ikikunjwa kwa nje na kulala ukutani ni bora zaidi, mvua haiingii kirahisi na ndani hupotezi nafasi, ila lazima uwe na baraza au upana wa kutosha, uchochoro ukiwa mwembamba vespa na wapita njia watagombana na milango yako kila siku na Mamlaka hawatokubali. Kwenye uchochoro mwembamba kuna njia nyengine ya zamani ambayo mimi naipenda sana: mbao za kusimama, kila moja sentimita 20 hivi, zinapachikwa kwenye mfereji juu na chini moja baada ya moja, ya mwisho ndo yenye komeo na kufuli. Asubuhi unazitoa unaziegemeza ndani. Kila ubao unachongwa namba yake nyuma maana uwazi wa nyumba hizi hauko sawa juu na chini. Ni rahisi, ni imara, na haina bawaba hata moja ya kuota kutu. Kasoro yake ni kazi ya kila siku asubuhi na jioni, kama utakuwa peke yako dukani fikiria mgongo wako.

Kuhusu kioo, usikitie kwenye milango ya nje. Tumia unene wa ukuta. Una nusu mita pale, milango ya mbao ikae upande wa nje, kisha ndani zaidi, sentimita 20 au 25 kutoka kwenye milango, weka fremu ya pili nyepesi yenye kioo na mlango mdogo wa kioo. Mchana unafungua mbao, kioo kinaonekana kipo kivulini hakina mng'ao wa jua, wageni wanaona sabuni zako vizuri kuliko kioo kilichokaa usawa wa mtaa. Usiku unafunga mbao, kioo kiko salama. Ile nafasi katikati ndo inakuwa dirisha lako la maonyesho, weka vikapu vya karafuu na mdalasini hapo. Kioo chenyewe kiwe cha usalama, kile cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, milimita 6 na kitu, kisigusane na mbao moja kwa moja, kikae juu ya vipande vidogo vya mpira na kibakishiwe nafasi ya milimita 3 kila upande, na vijiti vya kukishikilia vifungwe kwa ndani ili mtu asivitoe akiwa mtaani.

Na juu ya milango usizibe kabisa. Acha sehemu ya juu, sentimita 30 hivi, iwe ya vijiti vya mbao vilivyopishana au nondo za kusimama, hewa ipite usiku. Wewe unauza viungo na sabuni, chumba cha chini cha mawe kikifungwa bila hewa kwa muda wa masaa kumi na mawili kila siku utapata ukungu kwenye bidhaa kabla ya kwenye mbao.

Mbao gani. Mvule bado ndo ninaoamini zaidi kwa nje, mchwa wanauogopa na maji unayastahamilia, ingawa mara nyengine ndani yake una kitu kama jiwe kinachoharibu randa na fundi atalalamika. Msaji ni mzuri pia na unapatikana kutoka mashamba ya bara, Longuza kule Muheza, Mtibwa Morogoro na Kilombero, lakini msaji wa shambani ukikatwa mdogo unakuwa na ganda jeupe jingi pembeni, na lile jeupe mchwa na wadudu wanalila kama mti wowote. Mkongo ni mgumu na wa kudumu, mzito, mzuri kwa kizingiti na miimo. Mninga, aloutaja fundi wako, si mbao mbaya hata kidogo, una sifa moja kubwa kwamba ukishakauka hautembei sana, kwa paneli na fremu ya ndani ya kioo ni mzuri mno. Mfenesi wazee wameutumia sana hapa kwa milango, rangi ya njano inayokolea ikawa kahawia, ukipata uliokauka chukua. Paini ikatae kwa nje, hata ukiambiwa imepigwa dawa, labda iwe imepigwa dawa ya kushindiliwa kwa presha kiwandani na uone ushahidi. Mwembe usiulize.

Kanuni moja kwa zote: sehemu ya kati yenye rangi ndo inayodumu, ganda jeupe litolewe. Fundi akikuambia ataficha jeupe kwa rangi, mwambie hapana. Na mbao nyingi zinavuka bahari kutoka bara, kwa hiyo dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kama muuzaji hana basi hujui mti umetoka msitu gani na unaweza kunyang'anywa njiani.

Lakini kuliko jina la mti, kinachoamua ni ukavu. Kununua leo na kupasua kesho ndo kosa kubwa kwenye ule mpango. Hewa ya Unguja inaiweka mbao ya nje kwenye unyevu wa kama asilimia 14 mpaka 16, ubao mbichi unaweza kuwa na asilimia 40, 60 au zaidi, na njia yote hio ya kushuka ubao unasinyaa, unajipinda, unapasuka. Ukitengeneza mlango na ubao mbichi utakaa vizuri siku unapofungwa, kufika kaskazi, msimu wa joto na ukavu, una mapengo ya kupitisha kidole na viungo vimelegea. Ubao wa inchi mbili kukauka kwa hewa tu kivulini unataka kama miaka miwili, kwa hiyo usijaribu kukausha mwenyewe, tafuta mbao zilizokaa stoo muda mrefu au zilizokaushwa kwenye tanuri bara, kisha zipangwe karakana kwa fundi na vijiti katikati ya kila ubao wiki mbili tatu zizoee hewa ya hapa kabla hazijapigwa randa.

Kupima si shida. Kuna kijimashine cha sindano mbili unakichoma kwenye ubao kinakupa namba, mafundi wa maana wanacho. Kama hakuna, kata kipande kidogo katikati ya ubao, usikate mwisho maana mwisho hukauka mwanzo, kipime kwenye mizani ya viungo, kitie ndani ya oveni ya nyuzi 100 na kidogo, kipime tena na tena mpaka uzito usipungue. Tuseme kilikuwa gramu 230 kikaishia 200, tofauti ni 30, gawa kwa 200, ni asilimia 15, hapo sawa kabisa. Kikianza gramu 280 kikaishia 200 ni asilimia 40, rudisha mbao. Ni kazi ndogo na inakuokolea milango mizima.

Hata mbao kavu inaendelea kuvuta na kutoa unyevu kati ya masika na kaskazi, ubao wa sentimita 20 unaweza kutanuka na kusinyaa milimita moja na nusu au mbili. Kwa hiyo paneli zisigundishwe wala kupigiliwa misumari pembeni, zikae huru ndani ya mfereji wake, na nafasi ya milimita 3 kila upande. Fundi atakaekubandikia paneli kwa gundi ili zisigonge gonge anakutengenezea mipasuko. Viungo vya fremu viwe vya ulimi unaoingia kwenye tundu, upenye mpaka upande wa pili na upigwe kabari au kijiti cha mbao ngumu, kona za kukatwa pembe na kuungwa kwa skrubu hazistahamili mlango unaofunguliwa kila siku. Miti ya kusimama na ya kulala ipate unene wa milimita 45 ikishapigwa randa, paneli 20, mti wa kulala wa chini kabisa uwe mpana kuliko mingine, sentimita 20. Kipande kimoja cha namna hio kitakuwa na uzito wa kama kilo 25, na kwa kuwa kinambeba mwenzake kwenye kukunja, bawaba za mwimo zinabeba kilo 50. Kumbuka hio tutakapofika kwenye vyuma.

Sasa kufunga fremu, na hapa boliti za kutanuka naomba uzikatae moja kwa moja. Zimetengenezwa kwa ajili ya kufungwa kwenye zege. Kwenye jiwe la matumbawe ile nguvu ya kutanuka inalipasua jiwe kwa ndani, siku ya kwanza unaona imeshika, baada ya miezi ya kufungua na kufunga yote inachezacheza na jiwe limekuwa unga. Wazee walikuwa na akili zaidi: kizingiti cha juu kilikuwa kirefu kuliko mlango, kila upande kikaingia ukutani sentimita 15 au 20 na kujengewa mawe juu yake, uzito wa ukuta wenyewe ndo uliokishika. Kama umeshabandua simenti na kurekebisha pembeni, nafasi ya kufanya hivyo unayo, ifanye. Kwa miimo, fungia nyuma yake vibati vya chuma kisichoota kutu, vitatu au vinne kila upande, mkia wake wa sentimita 20 uingie kwenye kiungo cha mawe na ujengewe kwa chokaa. Nyuma ya mwimo pakwe mafuta mara mbili tatu kabla haujasimamishwa maana hutopafikia tena maisha.

Uwazi wako hautokuwa mraba, hakuna uwazi wa mraba Mji Mkongwe. Fremu isimame kwa timazi yake mwenyewe, pima pembe hadi pembe, vipimo viwili vya mshazari vikilingana iko sawa, halafu lile pengo lisilolingana kati ya fremu na ukuta, sentimita moja hapa mbili pale, lipigwe kalafati, pamba iliochovywa mafuta kama wanavyofanya kwenye majahazi, kisha chokaa kwa nje, na upapi mwembamba uliochongwa kufuata ukuta ufunike. Povu la kupuliza usilitumie, linashika maji nyuma ya mwimo na hulioni. Fremu ibaki na gadi zake wiki mbili chokaa ishike ndo milango itundikwe. Hapa ndo wiki moja ya fundi wako inapogoma, hata akiwa na mikono minne.

Chini nimepaacha nipazungumzie peke yake kwa sababu ndo kunakofia milango. Masika, Machi mpaka Mei, na vuli baadae, vichochoro vinakuwa mito midogo, na hata siku ya jua mtu anafagia anamwaga ndoo ya maji mbele ya duka. Mwimo usiguse ardhi. Kila mmoja usimame juu ya jiwe gumu lililoinuka sentimita 10 hadi 15 kutoka usawa wa mtaa, na katikati ya jiwe na mbao weka kipande cha bati la madini ya risasi au karatasi ya lami, kizuie maji yasipande. Kizingiti cha chini kiwe cha jiwe kama unaweza, kikiwa cha mbao kiwe mkongo au mvule wa kati, uso wake uteremke kuelekea nje, na chini ya ukingo wa mbele pigwe mfereji mdogo wa milimita 7 au 8 ili matone yadondoke pale yasirudi ndani. Mlango nao kwa chini uwe na kijiti cha pembeni kinachotupa maji mbele, kilichofungwa kwa skrubu tu, kikioza baada ya miaka kadhaa unabadilisha kijiti hubadilishi mlango. Na mchwa: kabla ya kusimamisha chochote angalia pembe za chumba na baraza kama kuna njia za udongo, ukiziona tafuta wanakotoka kwanza, maana mvule wataupita wataingia kwenye kabati zako za ndani.

Vyuma. Uko hatua chache tu kutoka baharini, chuma cha kawaida hakina maisha, na mbao kama msaji na mkongo zinafanya weusi kila penye msumari wa chuma. Bawaba za shaba au za stenlesi, ile ya daraja la bahari, inchi 4, nne kwa kila mwimo kwa sababu ya zile kilo 50, tatu katikati ya vipande. Skrubu ziwe za aina moja na bawaba. Kwa ulinzi, komeo la juu na la chini kwa kila jozi yanayoingia kwenye jiwe, na kati ya jozi mbili upapi wa kati unaofunika mwanya ili mtu asipitishe kitu kufungua. Nondo ya kulala kwa ndani, inayokaa kwenye vishikio vilivyojengewa ukutani pande zote mbili, ina nguvu kuliko kitasa chochote cha bei, lakini itataka uwe na mlango mwengine wa kutokea. Kama huna, basi riza na tumbuu za kufua kwa nje (chuma cha kukunja na pete yake ya kutilia kufuli) na kufuli nzuri, na boliti zake zipenye mlango mzima zifungwe nati kwa ndani. Bawaba zikiwa upande wa nje hakikisha pini zake haziwezi kutolewa.

Kupaka. Mafuta ya kitani, mkono wa kwanza yapunguzwe na tapentaini yazame, kisha mikono miwili mitatu membamba, kila mmoja ukauke kabla ya mwengine, na ncha za mbao, zile zinazokunywa maji, zipewe mara mbili zaidi. Kila mwaka kabla ya masika unaosha chumvi kwa maji baridi, unakausha, unapaka mkono mmoja, nusu siku imeisha. Varnishi nene inapendeza miezi sita, jua likiipasua maji yanaingia chini yake na kuirudisha inataka kukwangua yote, sishauri. Mafuta ya nazi usipake, hayakauki, yanabaki yananata na kuvuta ukungu. Ukitaka rangi, kijani au buluu ya zamani, uliza Mamlaka wanakubali zipi mtaa wako. Na tafadhali sana, matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye kona, yanapata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti, yalowekwe kwenye ndoo ya maji au yatandazwe nje mpaka yakauke, nyumba zetu zina boriti na dari za mbao na zimeshikana ukuta kwa ukuta.

Mlango wa zamani uliong'olewa nyumba nyengine ukipewa kwa bei nzuri, usiuchukue. Utaona umeokoa pesa, lakini kila anaenunua anampa mtu sababu ya kung'oa mwengine, na hautoingia kwenye uwazi wako bila ya kukatwa.

Kuhusu fundi, yule aliekwambia wiki moja rudi kwake, muonyeshe haya, fundi mzuri hatokasirika, ataomba muda na bei tofauti. Mkubaliane kwa maandishi bei ya ukuta na chokaa peke yake, mbao peke yake, vyuma peke yake, na ufundi peke yake, maana bei ya jumla ndo inayoficha skrubu za chuma na mbao mbichi. Vyuma nunua mwenyewe. Malipo yaende kwa hatua: ya kwanza mbao zikiwa karakana na umezipima, ya pili vipande vikiwa vimeungwa havijapakwa ili uone viungo na ganda jeupe, ya tatu fremu ikisimama, na ubakize sehemu mpaka mvua kubwa ya kwanza ipige. Ukinitumia upana na urefu wa uwazi, unene wa ukuta, na picha ya boriti za juu ya geti, nitakwambia vipande vinne vinatosha au uende kwenye mbao za kupachika.